Tiketi ya Batuli Haina Kurudi

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita tuliachana nimesimama mbele ya kibanda cha mume wangu, ndoo ya unga wa vitumbua mkononi, na nusu ya unga huo iko kwenye gauni la Julieth.

Kwa mliokuwa safarini, niwakumbushe kwa kifupi. Mimi ni Hafsa, mke wa Abdulatifu, fundi cherehani wa hapa Gongoni, Tabora. Nilikuta kwenye simu yake ujumbe kutoka namba isiyo na jina: "Chumba kimeshapakwa rangi, kitanda kimefika. Usimwambie Hafsa chochote mpaka mfike." Nikajua naletewa mke mwenza. Nikamtafuta huyo mwanamke, nikampata Julieth, kumbe maskini alikuja kupunguza gauni la harusi ya mdogo wake. Nikammwagia unga mbele za watu. Hakuwa yeye.

Nimeomba radhi. Gauni nimelifua na kulipiga pasi kwa mkono wangu. Julieth kanisamehe kwa mdomo, ya moyoni anayajua mwenyewe.

Sikatai, mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama alikuwa akinicheka kwamba hata nikiletewa zawadi nainusa kwanza. Lakini ujumbe ule niliusoma kwa macho yangu, na jina langu lilikuwemo.

Siku tatu baada ya aibu ile, Abdulatifu alirudi nyumbani mapema, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Mama Saidi, tunakwenda likizo."

"Likizo gani?"

"Likizo. Shule zimefungwa. Dada Najiat ametualika Dar wiki mbili, watoto wakaione bahari. Tiketi ameshakata."

"Za treni?"

"Za ndege."

Nikaweka mwiko chini. Huyu ni mwanamume ambaye tangu anioe, mbali alikonipeleka ni Nzega, tena msibani. Leo ndege, bahari, wiki mbili.

"Nani mwingine anakwenda?"

"Mwingine nani? Sisi wanne."

"Na huko tutamkuta nani?"

"Tutamkuta dada," akasema, akainuka kwenda kutawadha.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Wifi yangu Najiat ndiye anayemwozesha mdogo wake. Chumba kilichopakwa rangi kiko kwake. Mimi napelekwa kwa ndege ili nikifika nikute ndoa imeshafungwa, nipewe soda na pole. Nikasema liwalo na liwe, nitakwenda, tena nitavaa vizuri.

Kwa wifi huendi mikono mitupu, hata kama unamshuku. Nikaagiza dumu la lita tatu la asali ya kijijini Ipole kwa mama mmoja anaitwa Koleta, ambaye asali yake haichanganywi na kitu. Ilikuja nzuri, nyeusi, nzito. Kifuniko tu ndicho kilichokuwa kinavuja kidogo. Nikakivika nailoni, nikalifunga dumu zima ndani ya kanga ya Batuli, nikapiga mafundo mawili juu nipate pa kushikia.

"Liweke kwenye begi kubwa," Abdulatifu akaniambia.

"Begi kubwa linakwenda kurushwarushwa na watu nisiowajua. Asali yangu naishika mwenyewe."

"Hiyo si kanga ya mtoto?"

"Nitaifungua ndani ya ndege. Kwani inakwenda wapi?"

Niwaeleze kuhusu kanga hiyo. Batuli wangu ana miaka miwili na miezi miwili, na hajawahi kulala bila kanga ile. Ni nyekundu yenye mabaka meupe, imepauka kwa kufuliwa. Hushika pembe yake, akajisugua nayo mdomo wa juu taratibu, mara macho yanafumba. Imeandikwa "Nimepewa nimepokea." Ninacho kipande kimoja tu cha doti ile. Cha pili hakiko nyumbani kwangu. Nitawaambia kiko wapi, lakini nivumilieni kwanza, maana kusema kwake kuna uzito.

Tulifika uwanja wa ndege saa mbili asubuhi. Saidi, mwanangu wa kwanza, ana miaka sita, na alikuwa ameamka tangu alfajiri akiuliza kama ndege ina honi. Batuli nilimbeba mgongoni, furushi la asali mkono wa kulia.

Kwenye kaunta alikaa dada mmoja mchangamfu, kibandiko kifuani kimeandikwa Elieth.

"Huyu wa mgongoni ana umri gani, mama?"

"Miwili imepita."

"Basi ana kiti chake. Wa chini ya miwili ndio tunawapakatisha." Akabonyeza bonyeza. "Sawa. Kurudi ni tarehe ishirini na tisa, watu watatu."

"Wanne," nikamsahihisha.

"Naona watatu, mama. Abdulatifu, Hafsa na Saidi. Batuli ana tiketi ya kwenda tu."

"Mtakuwa mmekosea."

"Hatujakosea, dada yangu. Ndivyo tiketi ilivyokatwa."

Akanigeuzia kioo nione. Kwenye kwenda majina manne. Kwenye kurudi majina matatu. Nikayasoma mara mbili, kwa kidole.

Nikamgeukia mume wangu. Mtu asiyejua jambo angeshtuka, angeuliza, angetaka simu ampigie dada yake palepale. Abdulatifu hakushtuka. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu cha Saidi, kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Itarekebishwa hukohuko," akasema, bila kuinua uso.

"Itarekebishwa na nani?"

"Mama Saidi, watu wako nyuma yetu."

Mke mwenza ningemmudu, wenzangu wengi wanaishi nao. Lakini mwanangu kukosa tiketi ya kurudi ni jambo gani? Ndiyo kusema huyo bibi harusi anapewa na mtoto wangu alee? Halafu wazo jingine likanipitia, dogo, la zamani. Nikalisukuma kando haraka kabla halijakaa.

Tukaingia kwenye ukaguzi. Furushi likapita mashineni, likasimamishwa.

"Hii nini, mama?" askari akauliza.

"Asali."

"Haipiti. Vimiminika vya namna hii haviingii na abiria."

"Asali si maji, baba."

"Haimiminiki?"

"Inamiminika taratibu."

Watu wa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. "Irudishe kaunta iende na mizigo ya chini. Ukichelewa, utaiacha."

Nikarudi mbio. Kule kaunta nikang'ang'ana na mafundo ya kanga, yakanigomea. Asali ilishapenya, kitambaa kimenata kimekuwa kigumu. Elieth alikuwa anatazama saa.

"Dada Elieth, nipe mkasi nikate fundo."

"Mkasi sina, mama, na mizigo inafungwa sasa hivi." Akalizungushia furushi utepe wa gundi, dumu na kanga pamoja, akalibandika karatasi, akalisukuma nyuma.

Batuli aliona yote kutoka mgongoni kwangu. "Kanga yangu," akasema. Furushi likapotea kwenye mlango wa mpira. "Mama, kanga yangu."

Kama ningemsikiliza mume wangu, asali ingekuwa kwenye begi na kanga ingekuwa mgongoni mwa mtoto. Kushuku kwangu kumenigharimu mengi, lakini siku ile kulinigharimu kuliko siku zote.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mapangaboi, viti viwili huku, viwili kule, njia katikati. Batuli nilimketisha dirishani, mimi nikakaa upande wa njia. Ng'ambo ya njia alikaa Abdulatifu, na Saidi dirishani kwake. Mbele ya Saidi alikuwa mzee mmoja wa Nzega, Mzee Lugembe, tuliyemwamkia wakati wa kupanda.

Ndege haijaruka, Batuli ameanza. Alilia kilio cha usingizi, kile ambacho hakitaki pipi wala karanga wala wimbo. Nilimpa pembe ya mtandio wangu. Akainusa, akaitupa. Nilimpa shati la baba yake. Akalitupa pia.

"Kanga yangu."

"Iko chini, mama. Tukifika unaichukua."

"Naitaka."

Tulipopaa, masikio yakamuuma, kilio kikapanda ngazi nyingine. Saidi kwa upande wake alikuwa anapiga kiti cha mbele kwa magoti, moja, mbili, moja, mbili.

"Mjukuu wangu," Mzee Lugembe akageuka, "nimetoka Nzega na mgongo mzima, nataka kufika nao hivyohivyo."

"Shikamoo babu," Saidi akasema, miguu inaendelea.

"Marahaba. Sasa miguu nayo iniamkie."

Saidi akaacha kupiga, akageukia dirisha. Baba yake akamwonyesha reli inayokwenda mashariki, uzi mwembamba katikati ya miombo. "Pale mbele ni Tura. Babu wa babu yangu alipita hapo kwa miguu na misafara, kutoka Bagamoyo. Alitembea miezi."

"Na sisi tutatumia muda gani?"

"Saa moja na kitu."

"Batuli atalia saa moja na kitu?"

Nilikuwa namtazama mume wangu. Alikuwa anamtazama Batuli kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake, jicho la mtu anayehesabu kilichobaki.

Saidi akainama mbele ya baba yake, akaniita. "Mama, kwa nini Batuli ana chumba na mimi sina?"

"Chumba gani?"

"Kwa shangazi. Alinionyesha kwenye simu ya baba. Ukuta una vipepeo, na kitanda kina vizuizi pembeni asianguke. Mimi akasema nitalala sebuleni, kwa sababu mimi nitarudi."



Hakukuwa na bibi harusi. Chumba kilichopakwa rangi kilikuwa cha mwanangu. Wazo lile dogo nililolisukuma kule kaunta lilirudi, likaketi.

"Baba Saidi," nikasema, "namba ile isiyo na jina ni ya nani?"

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ni ya dada. Laini yake mpya."

"Kwa hiyo ulijua. Umenipandisha ndege na mwanangu, umenificha, unakwenda kumtoa mtoto wangu kwa dada yako bila kuniambia."

Sauti ilinipanda. Mzee Lugembe akavuta kofia yake chini masikioni, akajifanya amelala.

Abdulatifu ni mtu mpole. Miaka minane ya ndoa sijamsikia akifoka, na hata pale hakufoka. Aliinama katikati ya njia, mdomo wake karibu na sikio langu kwa sababu ya kelele za mapangaboi.

"Hafsa," akasema. Huwa haniiti jina langu ila kuna jambo. "Zile kanga nani alizipinda?"

Nikamvuta Batuli kifuani.

"Ulipokuwa kwenye arobaini ya uzazi wa Batuli, dada alileta doti nzima kibandani. Akaniambia, nikatie, upinde vipande vyote viwili kwa uzi mmoja. Nikamuuliza cha pili ni cha nani. Akasema ni cha mkeo. Mimi mtoto wa ukoo ule, najua maana yake kuliko wewe. Nilikata. Nilipinda. Sindano ikanichoma kidole."

Sasa niwaambieni. Katika ukoo wa mume wangu, wanawake wakiahidiana jambo kubwa, hawaandiki na hawaiti mashahidi. Bibi zao walikuwa watu wa njia ya misafara. Mmoja anabaki Tabora, mwingine anakwenda Ujiji, wanaweza wasionane miaka. Basi doti ilikatwa, kila mmoja akaondoka na kipande. Siku yoyote aliyeahidiwa akija na kipande chake, ahadi ilitimizwa bila maneno. Ukiwa hutaki, unakirudisha palepale unapopewa, na hakuna ugomvi. Ukipokea, umekubali.

Mimi nilipokea. Kwa mikono miwili.

Na nilijua maana yake, msije mkasema nilidanganywa. Kati ya Saidi na Batuli mimba mbili ziliniharibikia. Hii ya tatu daktari aliniambia nilale, nisiinuke hata kuchota maji. Najiat aliacha nyumba yake Dar, akaja kwangu miezi minne. Alinikogesha. Alimwaga beseni langu kila asubuhi na hakuwahi kukunja uso. Mwanamke mwenye ndoa ya miaka kumi na tisa bila mtoto alikuwa anasugua miguu ya mwenzake asipoteze wa kwake.

Mwezi wa saba nikaona damu. Nililia nikadhani ndiyo basi. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Wifi, huyu akitoka mzima ni wako. Nimnyonyeshe miaka yake miwili tu, kisha uje umchukue."

Alikaa kitandani pangu akalia kimya kimya mpaka adhana ya alasiri.

Swali mnaloniuliza nalijua, kama yalikuwa maneno ya mgonjwa tu. Hapana. Siku ile nilimaanisha. Lakini mtoto akatoka mzima, akanishika kidole, na mimi nikaanza kusahau kwa makusudi. Jina la Batuli alilichagua Najiat, na nikalikubali. Kanga ilipokuja nikaipokea, kisha nikamfunika nayo mtoto kila siku nikijiambia ni kanga tu. Miaka miwili sikumtaja wifi kwa mtu. Akipiga simu kuuliza mtoto kama ameacha ziwa, namwambia bado. Alikuwa ameacha siku nyingi.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikamwambia Abdulatifu. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta.

"Nilikuwa nakungoja wewe uniambie. Kila usiku nasema kesho ataniambia. Ulimtoa mwanangu bila kuniuliza, Hafsa, halafu ukawa unanipekua simu mimi kutafuta mwanamke."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli.

"Dada alipokata tiketi akanionyesha," akaendelea. "Akasema nisiseme kitu, maana ukijua hutapanda. Nikanyamaza. Nilitaka nione kama kule kaunta, ukisoma majina matatu, utaniambia ukweli. Badala yake ukaniuliza nani atarekebisha."

"Mkatalie wewe. Ni dada yako."

"Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne. Dada ndiye aliyenilea, akakataa posa mbili kwa ajili yangu. Siwezi kumwambia hapana, mdomo hautafunguka. Na mimi sikumpa neno. Aliyesema ndiyo ni wewe." Akamtazama Batuli, aliyekuwa amelia mpaka sauti imekauka. "Anayeweza kusema hapana ni wewe peke yako. Na ukisema, nitasimama nyuma yako. Lakini ni lazima useme mwenyewe, mbele yake, kabla hajamchukua. Akishampokea kwenye kanga, imekwisha."

Basi ndege ikaanza kushuka. Batuli alishika masikio, macho mekundu, usingizi umemjaa na hauna pa kutua. Mimi nilikuwa narudia maneno kimoyomoyo. Hapana, wifi. Nisamehe, wifi, nilikuahidi na sasa nimeshindwa. Nilijaribu kuyapanga kwa upole, nikajaribu kwa ukali, nikajaribu kuanza na shukrani. Kila nilipofika kwenye beseni lile alilokuwa akimwaga, maneno yakakatika.

Ila nilikuwa nimeamua. Nataka mlielewe hilo kabla sijawaeleza kilichotokea. Nilishuka ngazi za ndege nikiwa nimeamua kusema hapana.

Mizigo ilianza kutoka. Begi kubwa, begi la watoto, halafu furushi la asali. Kifuniko kilikuwa kimefunguka kabisa. Utepe ulikuwa umelegea, na kanga nyekundu ilikuwa imeloa asali, imeokota vumbi na nyuzi za mizigo ya watu. Lita tatu za Ipole zilikuwa zimebaki labda kikombe.

Batuli alipoiona akanyoosha mikono. Nikampa pembe yake. Ikamnata vidoleni. Akaitazama, akaipeleka mdomoni, akaitema, akavuta mkono. Hakulia tena kwa sauti. Aliniangalia tu, kana kwamba ni mimi niliyemharibia kwa kutaka.

"Beba furushi wewe," nikamwambia Abdulatifu. "Batuli namshika mimi."

Nilitaka kumbeba. Akakataa, akajinyoosha akawa mzito, akataka kutembea. Nikamshika mkono kwa nguvu. Saidi akasukuma toroli na baba yake. Tukatoka nje.

Palikuwa na watu wengi wanangojea wageni, na nilimwona Najiat kabla hajatuona. Alikuwa amekonda. Alisimama pembeni peke yake, hakuja na wapambe wala ndugu, mikono ameishikanisha kifuani. Na mabegani alikuwa amejitanda kipande chake. Nyekundu yenye mabaka meupe, pindo la uzi uleule wa mume wangu. Chake hakikupauka. Kilikuwa kimekunjwa miaka miwili sandukuni kikingoja siku hii.

Alipotuona hakukimbia, wala hakumwita mtoto. Alisimama palepale.

Nikavuta pumzi. Hatua kumi zilibaki. Nikafungua mdomo niseme, "Shikamoo wifi, nina neno."

Mkono wa Batuli ukanichomoka.

Huyu ni mtoto asiyeenda kwa mgeni. Hata jirani yetu wa Gongoni anayemletea ndizi kila siku bado anamkimbia. Shangazi yake alikuwa hamjui, alimwacha akiwa wa siku arobaini. Lakini alivuka uwazi ule kwa miguu yake mifupi, hakuangalia nyuma, watu wakampisha.

"Kanga yangu," akasema.

Najiat akapiga magoti chini. Hakumgusa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeshika pembe ya kanga, akaivuta, akajisugua nayo mdomo wa juu. Mara moja. Mara mbili. Kisha akaegemeza kichwa kwenye bega la wifi yangu, na Najiat akamzungushia kanga taratibu, akainuka naye.

Nyuma yangu toroli lilisimama.

Nilizimaliza zile hatua. Tulibaki tunatazamana mimi na yeye, uso kwa uso, mtoto katikati yetu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini alikuwa ananisoma. Nadhani alikuwa ameshayaona maneno yangu kabla hayajatoka.

"Wifi," Najiat akaniambia kwa sauti ya chini, "naona una neno. Liseme."

Nikamtazama Abdulatifu. Alikuwa amesimama nyuma yangu, kama alivyoahidi, furushi linamdondoshea asali viatuni, ananingoja.

Nikamtazama Batuli. Alikuwa ameshalala.